Rafadha Isiyopiga Hodi

Imezuka kelele mpya ambayo wakazi wa miji na vijiji vyetu wameanza kuizoea kabla hawajakubaliana juu ya jina la kitu kinachoitoa. Wapo wanaokiita ndege isiyo na rubani, na wapo, nao ndio wengi, wanaosema droni basi, wakaendelea na shughuli zao. Mwanaisimu hana sababu ya kuwagombeza hawa wa pili, maana neno lenyewe lina nasaba ya kupendeza. Katika Kiingereza ni jina la nyuki dume, na vilevile ni jina la mvumo wa chini usiokatika. Mnamo mwaka 1935 Waingereza waliunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio ili iwe shabaha ya wapiga mizinga waliokuwa wakijifunza kulenga, wakaipa jina la Malkia wa Nyuki. Wamarekani walipoanza kushughulikia zao mwaka uliofuata, walijitafutia jina kutoka mzinga uleule, mzinga wa asali na si ule wa baruti, wakatosheka na dume.

Mvumo basi umo ndani ya jina. Ninalokusudia kulizungumzia leo ni juhudi za kuuondoa, na hasa aina moja ya rafadha ambayo vijana wetu wanaosomea uhandisi wameipenda mno: ile ambayo mabapa yake hayana ncha. Badala ya kuishia hewani kama upanga, kila bapa hutoka kitovuni, hupinda, na kurejea kitovuni, likafanya kitanzi. Ukiiangalia kwa mbele unaona kitu kama ua la petali tatu. Nawajibika kueleza mhadhiri wa isimu amefikaje huko. Sababu ni nyepesi. Chuo chetu kina chumba kimoja tu kisichopitisha sauti kutoka nje, nacho ni chumba cha maabara ya fonetiki. Wanafunzi wa uhandisi walihitaji kurekodi sauti za rafadha zao, wakaja kubisha. Tangu siku hiyo sijapata tena faragha na irabu zangu.

Rafadha ya kitanzi haikuzuliwa jana. Katika maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, Marekani, Thomas Sebastian na Christopher Strem waliibuni kwa ajili ya droni ndogo, na hataza yake ikatolewa Novemba 2020. Mwaka 2022 ikapata tuzo ya uvumbuzi, na mapema mwaka 2023 picha zake zikaenea ulimwenguni kwa kasi ya uvumi. Mmarekani mwingine, Greg Sharrow, alikuwa ameanza safari kama hiyo mwaka 2012 akitafuta droni ambayo ingeweza kupiga picha za maonyesho ya muziki bila kuuharibu muziki wenyewe. Utafiti wake ulimpeleka majini badala ya hewani, na leo rafadha zake zinasukuma mashua. Wazo ni moja katika hali zote mbili: ncha ya bapa ndiyo mahali pa fujo, basi na iondolewe.

Kwa nini ncha iwe na fujo? Akina Wright walipokuwa wakijiandaa kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1903 walitambua jambo ambalo wengi kabla yao hawakulitambua barabara, kwamba rafadha ni bawa linalozunguka. Bawa huinua kwa sababu shinikizo la hewa tumboni mwake ni kubwa kuliko lile la mgongoni. Hewa, kama maji na kama umbea, hutoka penye msongo mwingi kwenda penye nafasi. Katikati ya bawa haina njia, lakini inapofika nchani hupata mwanya, ikajipenyeza kutoka tumboni hadi mgongoni huku bawa likisonga mbele. Zao la kujipenyeza huko ni kisulisuli, uzi wa hewa inayojisokota, unaobaki nyuma ya kila ncha. Rafadha yenye kipenyo cha sentimita 23, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ncha zake hukimbia karibu mita 72 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Bapa la nyuma hukikuta kisulisuli cha bapa la mbele kabla hakijatawanyika, likakikata, na mkato huo tunausikia.

Hapa ningependa kusahihisha maneno yanayorudiwarudiwa kila rafadha hii inaposifiwa. Husemwa kwamba kitanzi kinakiondoa kisulisuli. Hakikiondoi. Nadharia ya mabawa aliyoikamilisha Mjerumani Ludwig Prandtl mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia inaonyesha wazi kwamba bawa lolote lenye kikomo linaloinua lazima liache mzunguko wa hewa nyuma yake. Ndiyo kodi ya kuinua. Prandtl huyohuyo alionyesha mwaka 1924 kwamba mabawa mawili, moja juu na moja chini, yakifungwa nchani yakawa kama sanduku, hulipa kodi ndogo zaidi kwa upana na kimo chake. Kitanzi cha rafadha ni binamu wa sanduku hilo. Kinachofanya ni kuutandaza mzunguko wa hewa juu ya urefu mkubwa badala ya kuurundika mahali pamoja. Mzigo ni uleule, ila umegawanywa miongoni mwa wachukuzi wengi.

Sasa nije kwenye sikio, ambako nina haki kidogo ya kusema. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwaambia kwamba sauti ya z ni s iliyotiwa mtetemo. Weka kidole kooni, tamka s kwa muda mrefu, kisha igeuze iwe z. Midomo na ulimi havisogei, ila koo linaanza kutetema. Rafadha ya kawaida inatamka z. Sehemu yake ya mtetemo hutokana na mabapa kupita: yakiwa mawili na mhimili ukizunguka mara 100 kwa sekunde, mapigo ni 200 kwa sekunde, yaani hezi 200, jirani kabisa na sauti ya kawaida ya mwanamke anayezungumza. Juu ya mtetemo huo wa msingi hupangika vizidishe vyake, 400, 600, 800 na kuendelea, kama vile vinavyopangika katika irabu yoyote. Sehemu ya pili ni mkwaruzo wa hewa iliyovurugika, hasa ukingoni na nchani, ambao hauna noti maalumu bali husambaa katika masafa mengi, na sehemu yake kubwa huangukia hezi 2,000 hadi 5,000. Huko ndiko sikio la binadamu lilikojaliwa ukali wake wote, na huko ndiko sh inakoanzia kusikika. Wavumbuzi wa MIT walilenga hasa kuudhoofisha mkwaruzo wa eneo hilo. Kwa lugha ya darasani kwangu, walitaka kuitoa z ibaki irabu.

Si upuuzi kutaka hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa NASA katika kituo cha Langley, Virginia, waliwasikilizisha watu sauti za droni na sauti za magari zikiwa na kiwango kilekile cha desibeli, na watu wakasema droni zinakera zaidi. Desibeli peke yake haikerehi mtu. Kinachokera ni umbo la sauti: kupanda na kushuka kwake, kwa kuwa droni yenye mota nne hujisawazisha kila mara kwa kuongeza kasi huku na kupunguza kule, na mota nne zisizolingana sawasawa hutoa mapigo yanayogongana kama waimbaji wanne wa kwaya ambao kila mmoja ana noti yake.

Basi rafadha hii huchorwaje? Vijana wetu hutumia programu ya usanifu wa tarakilishi iitwayo FreeCAD, ambayo haiuzwi, na ambayo iliendelezwa tangu mwaka 2002 hadi toleo lake la 1.0 likatoka Novemba 2024. Mwalimu ambaye shule yake ina tarakilishi moja ya wastani anaweza kuipata bila kuomba fedha kwa mtu, jambo ambalo nimelitaja makusudi.

Kazi huanza kwenye kitovu, silinda fupi yenye tundu linalolingana na mhimili wa mota. Kisha huja mkato wa bawa, yaani umbo ambalo ungeliona kama ungelikata bapa kwa kisu na kulitazama ubavuni. Hapana haja ya kulibuni upya. Baraza la Marekani la usafiri wa anga lililoitwa NACA liliorodhesha katika miaka ya 1930 jamii ya mikato inayotambulishwa kwa tarakimu nne, nami nilipoelezwa mfumo wake nilicheka kwa furaha, maana nilikuwa natazama mofolojia. Chukua mkato wa 4412. Tarakimu ya kwanza inasema mgongo umebinuka kwa asilimia 4 ya upana wa bapa; ya pili kwamba kilele cha mbinuko kiko asilimia 40 kutoka ukingo wa mbele; mbili za mwisho kwamba unene ni asilimia 12. Kila tarakimu ni mofimu, ina nafasi yake na kazi yake, sawa na vile *a-na-wa-som-e-a* lilivyojengwa. Badilisha moja na umebadilisha bawa.

Baada ya mkato huja njia, mstari uliopinda unaotoka sehemu ya mbele ya kitovu, unakwenda nje hadi upeo wake, unajikunja, kisha unarudi sehemu ya nyuma ya kitovu. Juu ya njia hii mikato hupangwa mmojammoja, minane, kumi, wakati mwingine zaidi, na kila mmoja una pembe yake. Pembe hizi ndizo moyo wa kazi. Rafadha ni parafujo ndani ya hewa: kila sehemu ya bapa inapaswa kusonga mbele kiasi kilekile katika mzunguko mmoja, ilhali sehemu ya nje husafiri duara kubwa na ya ndani duara dogo. Tuseme tunataka isonge sentimita 12 kwa kila mzunguko. Penye umbali wa sentimita 3 kutoka katikati, bapa lazima liinamishwe nyuzi 32 hivi. Penye sentimita 10, karibu nyuzi 11 zinatosha. Ndiyo maana bapa la rafadha yoyote linaonekana limesokotwa. Mwanafunzi aliyejifunza trigonometria kwa kukariri ndipo anapogundua kwamba tanjenti ilikuwa na shabaha.

Ugumu wenyewe uko kwenye kona. Mkato ukisafirishwa tu juu ya kitanzi bila kufikiriwa, mgongo uliokuwa ukitazama juu wakati wa kwenda utatazama chini wakati wa kurudi, na mkono wa pili wa kitanzi utavuta dhidi ya ule wa kwanza. Kwa hiyo katikati ya safari mbinuko hauna budi kupunguzwa polepole hadi ufike sufuri, mgongo na tumbo vikafanana, kisha mbinuko uzaliwe upya upande wa pili. Tarakilishi haijui lolote kuhusu hayo. Ukiiambia iunganishe mikato iliyogeuzwa vibaya, aghalabu itakataa, na hiyo ni neema. Balaa ni pale inapokubali, ikakupa umbo linalong'aa kwenye skrini, limesokotwa kama kanga inayokamuliwa maji, nawe ukaliona zuri.

Kuiunganisha mikato kwa ngozi moja laini ni kitendo chenye jina katika Kiingereza, na jina hilo lilitoka kwenye orofa ya juu ya viwanda vya meli, ambako mafundi waliichora mistari ya meli sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Niliwauliza vijana wanakiitaje kwa Kiswahili. Kimya. Hatimaye mmoja wao, mzaliwa wa Lamu, akasema kwamba akiitazama ile mikato imesimama kwenye skrini kabla ya kuunganishwa humjia akilini mataruma ya jahazi linaloundwa Matondoni, yakingoja mbao. Tangu siku hiyo kundi zima husema *kuvisha mataruma*. Kamati haikuketi, na wala hapakuwa na warsha yenye chai na vibandiko vya majina. Waingereza walikwenda pwani ya kwao kuchukua neno, nasi tukaenda ya kwetu.

Niseme pia kwamba si kila pendekezo langu lilipita. Kwa kitanzi chenyewe mimi nilipendelea neno *kishwara*, ile kamba ya mviringo inayolishika kasia kwenye ubavu wa mashua, kwa kuwa lina harufu ya bahari na halina kivuli cha mnyongaji. Vijana walinisikiliza kwa adabu zote, wakaniambia, "Mwalimu, watu watasema kitanzi," na kwa kweli watu wanasema kitanzi. Msamiati haupigiwi kura na maprofesa. Rafadha yenyewe, ambalo ni neno la kale la mabaharia wa meli za mvuke, iliponea chupuchupu kushindwa na *pangaboi*, ambalo kwa wengi ni feni ya darini.

Kitanzi kimoja kikiisha, hunakiliwa mara tatu kuuzunguka mhimili kwa nyuzi 120, maungio ya kitovuni hulainishwa yasije yakapasuka, kisha umbo hugeuzwa kuwa maelfu ya pembetatu ndogo ambazo mashine ya uchapishaji wa pande tatu inaweza kuzisoma. Mashine humimina plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka, kwa saa kadhaa. Mwalimu atakayejaribu jambo hili na wanafunzi wake nasihi moja: rafadha iliyochapishwa ni dhaifu pale tabaka zinapokutana, na ikivunjika katika mizunguko 6,000 vipande vyake havimwulizi mtu jina. Lazima pawe na kizuizi kigumu kati yake na watu, miwani ya kukinga macho, na mwendo uongezwe kidogokidogo. Kabla ya hapo isawazishwe juu ya ufito laini. Upande unaozama kila mara ndio mzito, na hupigwa msasa.

Sasa tulifika kwenye swali lenyewe: ni kimya au si kimya? Mota ilifungwa ikitazama chini juu ya mizani ya jikoni ya kielektroniki, hivi kwamba msukumo wa rafadha ulisomeka kwa gramu. Maikrofoni iliwekwa umbali wa mita moja, pembeni, mahali ambapo upepo wa rafadha hauifikii, kwani upepo ukiipiga maikrofoni unarekodi upepo na si sauti. Sauti tuliichambua kwa Praat, programu ambayo Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliitengeneza kwa ajili ya watu wa fonetiki kama mimi, na ambayo nimeitumia kwa miaka mingi kuchunguza matamshi. Haikuonyesha dalili yoyote ya kushangazwa na kazi mpya. Vijana walistaajabu kwamba hatukuhitaji kifaa cha kuhesabia mizunguko: mstari wa msingi ukionekana kwenye hezi 300 na vitanzi ni vitatu, gawanya kwa 3, zidisha kwa 60, rafadha inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Sauti inajieleza yenyewe kwa anayejua kusoma.

Jaribio la kwanza liliwafurahisha mno. Rafadha ya kawaida yenye mabapa mawili na kipenyo kilekile ilipewa umeme wa kiasi fulani, ikapiga mbinja. Ya kitanzi ikapewa umeme wa kiasi hichohicho, ikavuma kwa utulivu. Wakashangilia. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa akiitazama mizani badala ya kusikiliza akasema kwamba ya kitanzi inasukuma kidogo. Alikuwa amegusa kiini cha jambo. Kitanzi kina uso mkubwa wa kusuguana na hewa, na kina uzito zaidi, hivyo kwa umeme uleule kinazunguka polepole. Na rafadha yoyote ikizunguka polepole hunyamaza, hata ingekuwa imechongwa kwa shoka. Kulinganisha sauti bila kulinganisha msukumo ni kama kumsifu hamali kwa kutohema hali hajabeba kitu.

Tulirudia kwa msukumo sawa. Pengo likapungua sana. Kwenye picha ya masafa, mkwaruzo wa juu ulikuwa hafifu zaidi upande wa kitanzi, na hilo lilionekana kila tuliporudia. Z ilikuwa imepungukiwa na s yake. Lakini mvumo wa chini ulibaki palepale, na betri ililiwa haraka zaidi. Haya ni matokeo ya plastiki yenye uso wa mistarimistari katika chumba cha fonetiki, nami siyapimi kwenye mizani moja na ya maabara ya MIT. Nayataja kwa sababu ni aina ya matokeo ambayo picha nzuri ya skrini haiwezi kumpa mtu. Kuna pia tatizo ambalo maikrofoni hailioni: droni ya mota nne hujiongoza kwa kubadilisha kasi za rafadha mara nyingi kwa sekunde, na rafadha nzito huitikia kwa uvivu, sawa na kugeuza gurudumu la gari la ng'ombe.

Lipo swali jingine ambalo wahandisi wangu vijana hawakuliuliza, na nilipoliuliza walinitazama kana kwamba nimeleta ushairi kwenye karakana. Kimya hiki anakitaka nani? Katika nyanda za Mara, walinzi wametumia droni kuwafukuza ndovu mashambani, na silaha yao kubwa ni mvumo. Ndovu humwogopa nyuki. Lucy King na wenzake walionyesha mwaka 2007, katika utafiti wao wa Samburu, kwamba kusikilizishwa tu sauti ya nyuki waliokasirika kulitosha kuwafanya ndovu wengi waondoke. Mpe mkulima wa huko droni isiyovuma na umemnyang'anya rungu. Lakini askari wa wanyamapori anayemfuatilia jangili usiku anaitaka hiyohiyo isiyovuma. Nchini Rwanda, ambako ndege za kampuni ya Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga Oktoba 2016, sidhani kuna muuguzi anayejali sana kelele ya ile iliyomletea damu, ingawa anayeishi chini ya njia yake ana haki ya kusema.

Halafu kuna ua wa nyumba yako na yangu. Kwetu mtu hauingii ua wa mwenziwe bila hodi, na akipiga mara tatu asiitikiwe huondoka. Mvumo wa droni, kwa ubaya wake wote, ni hodi. Unamwambia mama anayeoga mtoto uani kwamba kuna jicho juu. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu vyombo hivi zinataka visajiliwe na vipate idhini, lakini kanuni ya karatasini haisikiki, ilhali rafadha ya kawaida inasikika. Kila desibeli tunayoipunguza inampa raha jirani na pia inamficha mpekuzi. Simwambii mwanafunzi aache kuchora kitanzi. Namwambia aweke swali hili katika ripoti yake, kwenye ukurasa uleule wa pembe na msukumo, maana nalo ni la usanifu.

Na ripoti hiyo aiandike kwa lugha gani? Katika shule zetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili huachiwa methali na ngeli, ingawa katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Miezi hii ya kukaa na rafadha imenithibitishia jambo nililokuwa nikilihisi. Mwanafunzi aliyeniambia kwa Kiingereza fasaha kwamba kitanzi "kinaondoa visulisuli" alikuwa akirudia sentensi aliyoisoma. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili, kwa vile mimi si mhandisi, alikwama kwenye neno *kinaondoa*, akatafakari, akauliza: kwani huo mzunguko unakwenda wapi? Hapo ndipo alipoanza kufahamu. Lugha ya kuazima ilikuwa imemruhusu kupita bila kulipa. Wapo wenzangu watakaosema istilahi hazijatosha. TUKI ilichapa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na wengi wanaolalamika juu ya uhaba hawajapata kuifungua. Pale inapokoma, wapo mafundi wa majahazi, wapo mafundi cherehani, wapo wanaofuma mikeka. Hao wote wana maneno ya kupinda, kukunja, kusokota na kuunga.

Kwa sasa vijana wako kwenye umbo la nne. Wameongeza kipenyo hadi sentimita 28 ili ipatikane nguvu ileile kwa mizunguko michache, wamepunguza upana wa mkono wa nyuma wa kitanzi, na ukingo wa nyuma wameuchonga meno madogo kwa kumwiga bundi, ambaye pindo la manyoya laini kwenye bawa lake humwezesha kuruka bila panya kumsikia. Wazee wa kwetu wangetikisa kichwa kuona mtu mzima akimchukua bundi kuwa mwalimu. Tumekubaliana kwamba safari hii sauti itarekodiwa uwanjani usiku, mbali na kuta, kwa msukumo wa gramu 300 kwa rafadha zote mbili, na kwamba wasikilizaji watakuwa watu wasiojua ipi ni ipi. Yule msichana wa mizani ndiye atakayeandika utangulizi. Ameniomba neno la Kiswahili la *kukereka kwa sauti isiyo kubwa*, nami bado nalitafuta.